Mtoto wa ughaibuni anahitaji watu

Juzi nilipokea ujumbe mrefu wa mama mmoja anayeishi nje na watoto wawili: mkubwa ana miaka mitatu, mdogo bado ananyonya. Ameniruhusu niuzungumzie bila kumtaja. Mume wake huondoka alfajiri na kurudi watoto wameshalala. Mwalimu wa chekechea amemwita na kumshauri aache kuongea Kiswahili na mtoto, eti kinamchanganya. Kuna siku hujifungia bafuni akalia huku mkubwa anagonga mlango. Mwisho kabisa akaniuliza: "Dada, nimpeleke kwa mama yangu akalelewe huko mpaka nitakapojipanga?"

Nilimjibu usiku uleule, kwa kifupi, lakini jibu lile halikuniridhisha. Ujumbe wa namna hii nimeupata mara nyingi, tena kutoka kwa wanawake wasomi na wachapakazi, waliovuka mipaka kwa sababu wanataka watoto wao wafike mbali. Sote tunataka kitu kimoja: mtoto asimame imara huku tuliko, na abaki kuwa wetu. Nimeyatafakari maswali ya huyu mwenzetu nikaona yote yana mzizi mmoja. Huku nje tunalea bila watu. Nyumbani mtoto hupokewa na mikono mingi hata kabla hujaomba msaada. Huku, usipoitafuta hiyo mikono mwenyewe, haiji. Mengi mtakayosoma hapa ni hilohilo nikilirudia, na sioni haya kulirudia.

Naanza na la mwalimu, kwa sababu na mimi niliambiwa.

Binti yangu alianza chekechea akiwa hajatimiza miaka mitatu. Nyumbani alikuwa msemaji hasa: anauliza, anabishana, anasimulia. Shuleni akanyamaza. Alicheza, alikula, alipanga foleni na wenzake, lakini neno halikumtoka. Baada ya wiki kadhaa nikaitwa. Nikakalishwa kwenye kiti cha watoto, magoti yakinifika kifuani, na mwalimu akaniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba ingefaa familia itumie lugha moja tu nyumbani, yaani ya kwao. Mbele yake palikuwa na karatasi yenye visanduku, na kwenye kisanduku cha mazungumzo alikuwa ameandika sifuri. Mtoto aliyekuwa akinisimulia ndoto zake kila asubuhi tangu ajue kuunganisha maneno, ameandikiwa sifuri.

Nilikataa palepale. Nilimwambia mwalimu kwamba nitamsaidia mwanangu ajifunze lugha ya shule, nitamleta mapema, nitawakaribisha wenzake waje kucheza nyumbani, lakini Kiswahili hakitoki ndani ya nyumba yangu. Mpaka leo nikikumbuka alivyonitazama, moyo hunipanda.

Kile kimya kinajulikana vizuri kwa wanaoshughulika na lugha za watoto. Mtoto anayeingizwa ghafla kwenye lugha mpya hupitia kipindi cha kusikiliza kabla ya kusema. Kwa wengine ni wiki chache, kwa wengine miezi. Muda huo wote anakusanya. Kuchanganya lugha mbili kwenye sentensi moja nako ni kawaida, hata sisi watu wazima tunafanya hivyo kila siku na hakuna anayetuita wagonjwa. Na maneno ya mtoto yahesabiwe ya lugha zote. Mwenye maneno 60 ya nyumbani na 40 ya shule asihesabiwe yale 40 peke yake halafu aambiwe yuko nyuma. Lugha mbili hazisababishi mtoto achelewe kusema.

Wala si jambo la kugunduliwa jana. Mwaka 1913 mwanaisimu Mfaransa Jules Ronjat alichapisha uchunguzi juu ya mwanawe Louis, ambaye baba alimsemesha Kifaransa na mama akamsemesha Kijerumani, kila mmoja akishikilia lugha yake, na mtoto akazimudu zote mbili. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado mama wa ughaibuni anakalishwa kwenye kiti kidogo na kuambiwa aizime lugha yake.

Kuna sababu nyingine ya kutosubiri. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walionyesha kwamba mtoto wa miezi sita hadi minane anaweza kutofautisha sauti za lugha ambayo hajawahi kuisikia, lakini akikaribia mwaka mmoja uwezo huo hupungua sana kwa lugha asiyoisikia karibu yake. Halafu mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani wakaleta wasemaji wa Kichina wacheze na kuwasomea watoto wa miezi tisa. Waliochezewa na mtu ana kwa ana walizishika sauti za Kichina. Waliowekewa video ya watu walewale hawakushika kitu. Ndiyo maana mzazi akiniambia amemwekea mtoto katuni za Kiswahili na kazi imeisha, simkubalii. Mtoto mchanga hujifunza lugha kwa mtu anayemtazama machoni na kumjibu. Katuni haimjibu.

Lakini tusijifariji kupita kiasi. Kuchelewa kwa kweli kupo, na huko hakuchagui lugha: huonekana kwenye lugha zote mbili. Mtoto akifika mwaka mmoja habwabwaji wala hanyooshi kidole kuonyesha kitu, akifika mwaka na nusu hana hata neno moja, akifika miaka miwili haunganishi maneno mawili, au alikuwa na maneno yakapotea, usikae nyumbani ukisema ni mambo ya lugha mbili. Mpeleke kwa daktari, na jambo la kwanza uombe apimwe masikio. Watoto wa chekechea hupata mafua mfululizo, na maji yanaweza kujaa nyuma ya ngoma ya sikio mtoto asilalamike maumivu yoyote. Anasikia hafifu tu, na watu wazima wanadhani ni mkaidi au mzito. Mama uliyeniandikia, umeniambia wa kwako anasema vizuri nyumbani kwa Kiswahili. Basi nusu ya wasiwasi wako iweke chini leo.

Wangu alianza kusema shuleni mwenyewe siku moja, sentensi nzima iliyonyooka, akimkataza mwenzake asichukue kiti chake. Sasa ana miaka mitano. Mwezi uliopita walimchagua asimulie hadithi mbele ya wazazi. Aliisimulia kwa lugha ya shule bila kukwama, na jioni akampigia bibi yake akairudia yote kwa Kiswahili, fisi na sauti yake, sungura na sauti yake. Mama yangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo mkononi nikajiona mshindi, na sitaficha. Yule mwalimu wa kwanza hakuwepo pale ukumbini. Nilitamani sana angekuwepo.

Hiyo simu ya bibi nayo haikuja hivihivi. Mwanzoni ilikuwa mateso kwetu sote. "Mwamkie bibi. Sema hujambo. Mwonyeshe bibi meno yako." Mtoto anakimbia, bibi anaonyeshwa dari, mtandao unakatika, mimi naomba radhi. Mtoto mdogo hana habari na mazungumzo ya kujuliana hali. Kilichobadilisha mambo ni pale nilipoacha kuwaongoza na kumpa bibi kazi. Simu naiegemeza kwenye birika juu ya meza. Mtoto anachora, bibi upande wa pili anashona, na wakati mwingi hata hawatazamani. Bibi anauliza, "Hicho ulichopaka kijani ni nini?" Mtoto anajibu bila kuinua kichwa. Bibi anasema yeye hajawahi kuona mbwa wa kijani. Hapo ndipo mabishano yanapoanza, na hayo mabishano ndiyo lugha yenyewe. Kuna siku nikiwa naosha vyombo, bibi ndiye anayemchunga mdogo. Akiona anapanda kiti ananiita kwa jina langu lote kama nilivyokuwa mtoto, nami nakimbia.

Kuna wazazi wanaogopa hata simu hizi kwa sababu wamesikia skrini ni mbaya. Ni kweli Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa 1 kwa siku. Lakini madaktari wa watoto wa Marekani, walipotoa mwongozo wao mwaka 2016, waliitoa simu ya video kwenye katazo hata kwa walio chini ya miezi 18. Na mwaka 2014 utafiti wa Sarah Roseberry na wenzake ulionyesha watoto wa miaka miwili hivi wakijifunza maneno mapya kutoka kwa mtu wa kwenye simu ya video sawasawa na kutoka kwa mtu aliye nao chumbani, ilhali video iliyorekodiwa haikuwafundisha. Bibi akiulizwa anajibu. Ndiyo tofauti.

Chagueni saa moja isiyobadilika, mkipiga hesabu ya tofauti ya saa ili bibi asiamshwe usingizini, na muishike. Ukingoja upate nafasi, nafasi haipatikani. Ukingoja mtoto apende, hatapenda mtu asiyemjua.

Huko nyumbani nako kuna maneno. Ndugu mmoja aliandika kwenye kundi letu la familia kwamba watoto wangu wameshakuwa wazungu, hawajui hata kumwamkia mkubwa. Aliandika mbele ya watu wote, na wengine wakaweka alama za kucheka. Niliumia usiku kucha, maana hajui nguvu ninayotumia kila siku ili watoto hawa wajue hata hilo jina lake. Sikumjibu kwenye kundi. Nilimpigia pembeni, nikamwambia, "Shangazi, shikamoo. Jumamosi ni zamu yako, watoto watakusubiri." Akashika zamu. Sasa ndiye anayenikumbusha mimi. Mtu anayelaumu kwa mbali mpe mtoto amshike kwa mbali.

Nimesema ya watu wa mbali. Sasa ya majirani mnaopakana ukuta, na hapa naomba msome polepole.

Mwanangu mdogo alikuwa na mwaka na miezi kadhaa. Baba yao alikuwa zamu ya usiku. Mtoto alikuwa na homa tangu jioni, nimempa dawa ya homa, nimempunguzia nguo, amelala kifuani kwangu. Kwenye saa saba usiku nikasikia mwili umekakamaa. Macho yamegeuka juu, mikono inapigapiga, midomo imebadilika rangi. Degedege. Neno lenyewe nilikuwa nalijua tangu utotoni, ila sikuwahi kuliona likimshika mtoto mikononi mwangu. Nilimlaza ubavu juu ya zulia karibu na mlango, nikapiga simu ya dharura. Yule wa upande wa pili akauliza anwani. Jina la mtaa ninaloliandika kila siku likatoka vipandevipande. Akaniomba nirudie, nikarudia, hakunielewa. Mkubwa akaamka akaanza kulia. Nikafungua mlango wa nyumba huku nikimtazama mtoto pale sakafuni, nikaugonga mlango wa jirani kwa kiganja.

Alitoka mama mtu mzima wa pale ng'ambo, ambaye mpaka usiku ule tulikuwa tukisalimiana kwenye ngazi tu. Alikuwa na nguo ya kulalia na viatu vya mtu mwingine. Hakuuliza kitu. Alichukua simu mkononi mwangu, akataja mtaa, namba, ghorofa, kisha akaenda kukaa na mkubwa kitandani mwake. Gari la wagonjwa lilipofika degedege lilikuwa limeshaacha na mtoto amelala fofofo. Mimi na mdogo tukaondoka nao, mkubwa akabaki na yule mama mpaka asubuhi.

Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, na si wachache: kiasi cha 2 hadi 5 katika kila 100. Mara nyingi huacha lenyewe ndani ya dakika chache na haliharibu ubongo. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, usimbane, usimtie kitu chochote mdomoni, na tazama saa. Likizidi dakika 5, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, au anapumua kwa shida, piga simu ya dharura. Namba ni 112 katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada. Bandika ukutani karibu na mlango karatasi yenye anwani yako yote kwa lugha ya huko, herufi kubwa: mtaa, namba, ghorofa, majina ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa, dawa zisizopatana nao. Ya kwangu ipo hapo hadi leo. Usiamini kwamba lugha yako ya pili itakuja saa saba usiku mtoto akiwa sakafuni.

Na jirani. Mtafute kabla ya usiku huo. Tumezoea kusema watu wa huku ni wabaridi, hawataki watu. Wengine ni hivyo kweli. Lakini wengi wanangoja uanze wewe, nao wanadhani wewe ndiye hutaki. Gonga mlango mchana, jitambulishe, mwonyeshe watoto, badilishaneni namba. Yule mama sasa watoto wanamwita bibi, na ndiye aliyeandikwa shuleni kama mtu wa kupigiwa sisi tusipopatikana.

Upande wa makaratasi ya afya nitapita haraka, isipokuwa jambo moja ambalo halijanitoka moyoni. Mdogo alizaliwa na baka la rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu, mgongoni chini mpaka makalioni. Watoto wetu weusi wengi sana huzaliwa nayo, hayaumi, na mengi hufifia kabla ya umri wa shule. Chekechea alikoanzia, mlezi mmoja alipombadilisha nepi akaliona, akalidhania ni damu iliyovilia kwa kipigo. Nilipofika kumchukua niliingizwa ofisini, mlango ukafungwa, nikaulizwa mtoto "alianguka wapi". Nilijua wanachouliza. Nilivua nguo za mwanangu mbele yao kwa mikono inayotetemeka nikawaonyesha picha za simu za siku aliyozaliwa, baka lilelile, mahali palepale. Hawakuniomba radhi. Walisema wanatekeleza wajibu wao, na wajibu huo naukubali, maana kuna watoto wanaopigwa kweli. Ila mama mwenzangu, usingoje uingizwe ofisini. Mwambie daktari au mkunga aliandike baka hilo kwenye kitabu cha mtoto, mahali lilipo na ukubwa wake, na siku ya kuandikisha shule waonyeshe mwenyewe. Damu iliyovilia hubadilika rangi kwa siku chache ikapotea. Baka hukaa lilivyo. Kila anayemlea mtoto wako anapaswa kulijua hilo.

Kadi ya chanjo itunze kama pasi ya kusafiria. Nchi nyingi hutoa BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, mtoto anapozaliwa, nyingine haziitoi kwa wote, na wahudumu wa huko wanaweza wasilitambue kovu la begani. Zaidi ya hapo, kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kinaweza kuonyesha kwamba mtoto ana maambukizi kwa sababu tu alichanjwa. Kipimo cha damu hakidanganywi na chanjo hiyo, kwa hiyo kiombe. Chanjo ya surua aliyoipata akiwa na miezi 9 mara nyingi haihesabiwi kule inakotolewa baada ya mwaka mmoja, usishangae wakirudia. Na kwenye nchi zenye jua dogo usidharau matone ya vitamini D. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuitengeneza, na upungufu wake huleta matege. Uniti 400 kwa siku ndicho kipimo kinachopendekezwa kwa watoto wachanga mahali pengi. Muulize daktari wako.

Kuhusu kiboko, sitazunguka. Uswidi ilipiga marufuku kumpiga mtoto mwaka 1979 na sasa zaidi ya nchi 60 zimefuata, nyumbani na shuleni. Ukiishi kwenye nchi hizo, kofi moja laweza kuwaleta watu wa ustawi wa jamii mlangoni. Lakini tusiache kupiga kwa kuogopa polisi tu. Mtoto wa ughaibuni ana watu wachache wa kumkimbilia akiumia, na nyumbani kwenyewe mara nyingi ni wewe peke yako. Ukimpiga wewe, akimbilie kwa nani?

Sasa nije kwenye bafu lako, mama uliyeniandikia. Nilipofika sehemu hiyo ya ujumbe niliweka simu chini, kwa sababu bafu hilo nalijua. Mtoto anagonga, maji umeyafungulia ili sauti isisikike, na ukitoka unatabasamu. Kuna uchovu wa kawaida wa mama asiye na msaidizi, na kuna ugonjwa wa sonona baada ya kujifungua. Wewe una mtoto anayenyonya. Ikiwa huzuni hii imeshapita wiki mbili, huna hamu na kitu, usingizi haupatikani hata mtoto akilala, au unapata mawazo ya kujidhuru au ya kumdhuru mtoto, hiyo ni kazi ya daktari, tena leo, usingoje miadi ya mwezi ujao. Kuna dodoso la maswali 10 lililotungwa Uingereza mwaka 1987, linaitwa kipimo cha Edinburgh, ambalo wakunga wa nchi nyingi hulitumia, na limeshatafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Mwombe mkunga au daktari wako akupime nalo. Mwambie ukweli. Usimjibu kwa kiburi chetu cha "tunamshukuru Mungu" huku unazama.

Na baba wa watoto aambiwe. Umesema anatoka alfajiri na kurudi usiku. Siku za mapumziko ziko ngapi? Asubuhi ya siku hiyo, kwa muda wa saa moja, awachukue wote wawili atoke nao nje, wewe ubaki na usingizi. Sisemi asifanye kazi. Nasema ni baba yao, naye ni mmoja wa watu ninaowahubiri hapa tangu mwanzo. Wanaume mnaosoma, na hili ni lenu. Kupeleka pesa kwenye akaunti hakumfanyi mtoto wa miaka miwili akujue.

Lililobaki ni la kumpeleka mkubwa kwa bibi. Nawajua waliofanya hivyo na watoto wakakua vizuri, na siwezi kumhukumu mama aliyefika mwisho wa nguvu zake. Ila wewe hujafika huko. Ulichochoka nacho ni kulea peke yako, na kumwondoa mtoto hakutakuletea watu, kutakupunguzia mtu. Mtoto wa miaka mitatu ambaye ameletewa mdogo juzi, akiondolewa nyumbani sasa, ataelewa jambo moja tu, kwamba nafasi yake imechukuliwa. Atakaporudi baada ya mwaka au miwili utampokea mtoto anayelia akimtaka bibi, na lugha ya shule ataianza upya kutoka kwenye kimya kilekile. Usisahau na karatasi: kwenye nchi nyingi kibali cha ukaazi kinaweza kufutika mtoto akikaa nje muda mrefu, na mzazi anayesafiri na mtoto bila mwenzake huombwa barua ya ridhaa ya mzazi wa pili, mara nyingine yenye muhuri wa mwanasheria.

Mimi ningegeuza safari. Mama yako aje kwako. Viza ya kutembelea ina mlolongo mrefu, kwa hiyo anzeni sasa: barua ya mwaliko, bima ya safari, uthibitisho kwamba mtamhudumia na kwamba atarudi. Kama mnataka kwenda nyinyi, tazama tarehe ya kuzaliwa ya mdogo. Kabla hajatimiza miaka 2 husafiri mapajani, kwa kawaida kwa kama asilimia 10 tu ya nauli ya mtu mzima kwenye safari za kimataifa. Akishatimiza anahitaji kiti chake.

Kesho mpigie daktari wako kwa ajili yako mwenyewe, na umwombe miadi ya masikio ya mkubwa. Keshokutwa gonga mlango wa jirani. Mwalimu mwambie kwamba Kiswahili kinaendelea, na umwombe akupe orodha ya nyimbo na hadithi za mwezi ujao ili mtoto azikute nyumbani kwanza kwa lugha yake. Mwalimu wetu wa pili alikubali bila shida. Jumamosi mpigie mama, simu iegemee kitu, mtoto apewe rangi. Kisha niandikie uniambie daktari amesema nini.